Mikia Iliyonyooka ya Shwarini

Ziko nchi zinazojivunia milima yake na ziko zinazojivunia majeshi yake. Shwarini hujivunia jambo moja tu, kwamba hakuna mtu anayeumwa humo. Ukikuta ramani isiyoitaja, usiilaumu. Wachora ramani walifika, wakahakikishiwa kwamba kila kitu kiko sawa, wakarudi kwao bila kupima chochote.

Sekela Mwaisaka alikuwa mpimaji wa damu za mifugo kutoka Tukuyu, mwanamke mrefu mwenye mazoea ya kumwomba nguruwe radhi kabla ya kumchoma sindano. Baraza la Shwarini lilimwita kwa sababu homa ya nguruwe ilikuwa imezifagia nchi jirani. Nguruwe wote wa nchi wangechanjwa, na mgeni aliombwa aje kuthibitisha kwamba chanjo imefanya kazi. Sekela alidhani kuthibitisha ni kupima. Lilikuwa kosa, lakini kwa mtu wa kazi yake ni kosa la kusamehewa.

Langoni paliandikwa kwa herufi kubwa: KIMYA KINGI. Sekela alisimama akiyasoma maandishi hayo, akangoja kidogo, kisha akashindwa kujizuia.

"Kina mshindo mkuu," alimalizia.

Askari wa lango aligeuka huku na huko kuona kama kuna aliyesikia. "Nusu hiyo ilifutwa, dada. Ilikuwa inawatia watu wasiwasi." Kisha akakitazama kisanduku alichobeba mgeni, kile cha kupimia damu. "Una tatizo lolote?"

"Hakuna, ila kisanduku hiki ni kizito."

"Sema si kizito."

"Si kizito," alisema Sekela, mabega yakimteremka.

"Karibu Shwarini."

Sheria kuu ya nchi hiyo ni fupi, na kila mtoto huijua kabla hajaota meno: asiyelalamika ni mzima. Sheria nyingine zote zimezaliwa na hiyo. Paa likivuja, mwenye nyumba husema anaoga ndani. Mkate ukiungua, mla mkate humsifu mwokaji kwa rangi. Kulia hadharani hakuruhusiwi, lakini kumenya vitunguu kunaruhusiwa, ndiyo maana Shwarini hula vitunguu kuliko nchi yoyote, na mtu aliyefiwa huonekana sokoni akinunua gunia zima. Chafya imehesabiwa kuwa ni lalamiko la pua. Kwa hiyo Baraza limemwajiri afisa aitwaye Mbana-Pua, anayevaa glavu nyeupe na kuzunguka nyuma ya viti wakati wa mjadala. Mheshimiwa akianza kukunja uso, afisa huyo humbana pua kwa adabu mpaka hatari ipite.

Nguruwe waliwasumbua sana watunga sheria. Nguruwe hawezi kuulizwa habari akajibu "shwari", na akipiga kelele hujui ni furaha au ni manung'uniko. Baada ya mijadala mirefu Baraza likakata shauri kuusikiliza mkia. Mkia uliojikunja ni wa nguruwe mzima. Mkia ulionyooka ni wa mlalamishi. Ikaundwa Wizara ya Mikia yenye wakaguzi na wakaguzi wa wakaguzi, na haikupita muda mjini pakafunguliwa saluni za mikia, ambamo nguruwe hupangwa foleni na kuviringishiwa mikia kwenye vijiti vya mtama, huku wakipakwa mafuta ya nazi.

Waziri wa Mikia, Bwana Taratibu, ndiye aliyempokea mgeni. Alikuwa mtu mwororo, mwenye sauti ya kumlaza mtoto, na alimweleza Sekela utaratibu wote akitabasamu bila kupumzika. Nguruwe wangechanjwa. Keshokutwa yake wakaguzi wangepita mabandani. Mwenye mkia uliojikunja angetangazwa kwamba amekubali chanjo. Mwenye mkia ulionyooka angekuwa ameikataa, naye angechinjwa na kuchomwa moto pamoja na banda lake, lalamiko lisije likasambaa.

"Mheshimiwa," alisema Sekela, "nguruwe akichanjwa anaweza kupata homa kidogo siku ya kwanza na ya pili. Atazubaa, ataacha chakula, mkia utalegea. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba mwili umeitikia."

"Labda kwenu," alijibu Bwana Taratibu kwa upole uleule.

Sekela aliomba basi aruhusiwe kuchukua damu ya nguruwe kabla ya chanjo na baada yake. Waziri hakuona ubaya. Damu ingekuja kuunga mkono mikia, na kitu kilichoungwa mkono na mgeni mwenye kisanduku hupendeza zaidi. Akamgawia makundi mawili: la kwake yeye Waziri, lililoishi kwenye banda lenye mapazia, na la mwanamke mmoja wa mlimani ambaye, kwa maneno ya Waziri, alikuwa raia mwema anayehitaji kutazamwa.

Raia huyo aliitwa Bi Chachu. Jina hilo halikupatana na desturi za nchi, lakini baba yake alimwandikisha siku ambayo karani alikuwa anasinzia, na Shwarini kumwamsha mtu ni kumlaumu. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye mikono mikubwa, na hakuwa na kitu kingine duniani ila nguruwe wake. Aliyekuwa mkubwa wao ni jike mweusi aliyeitwa Shangazi, kwa kuwa alipenda kuingilia mambo ya kila mtu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupelekwa saluni.

"Mkia wa nguruwe ni wa nguruwe," alisema Bi Chachu, akimshikilia Shangazi ili Sekela atoe damu. "Mimi na huo mkia tuna nini? Wewe lakini, mwanangu, hiyo damu unaipeleka wapi?"

Sekela alifikiri kidogo. Kwao alizoea kueleza jambo hili kwa michoro. "Mama, vyungu vyako viko wapi?"

"Rafuni."

"Nikitaka kujua leo unapika nini, nihesabu vya rafuni?"

"Wee! Vya rafuni viko vilevile mwaka mzima. Tazama kilicho motoni."

"Basi damu ndivyo ilivyo. Ndani ya kila chembe nyeupe ya damu mna jeni zote alizozaliwa nazo nguruwe huyu. Hivyo ni vyungu vya rafuni. Nyingi zimetulia tu. Chanjo ikiingia na mwili ukaitambua, kuna vyungu vinateremshwa vikatiwa moto, vile vya kupikia kinga. Mimi nachukua damu ya kabla na damu ya baada, kisha kisanduku kinaniambia vyungu vipi vimepata moto."

Bi Chachu aliicheka hiyo, kicheko kidogo cha puani, kisha akaipima kichwani. "Na homa?"

"Jiko likiwashwa, moshi hutoka."

"Kumbe! Na hawa watu wetu wa mikia?"

"Wanachungulia dirishani. Wasipoona moshi, wanasema chakula kimeiva."

"Mwanangu," alisema Bi Chachu, akitazama nyuma kama askari wa lango, "hayo usiyaseme kwa sauti. Lakini ungeyasema vizuri."

Kesho yake ilifanyika sherehe ya chanjo kwenye banda la Waziri. Chupa za chanjo zilitolewa kwenye sanduku la barafu na kupangwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe na maua, ili wananchi wazione. Kisha zikaanza hotuba. Waziri aliisifu chanjo. Msaidizi wake alimsifu Waziri kwa kuisifu chanjo. Mwalimu wa kwaya alitunga wimbo palepale. Jua lilikuwa kali mno, maua yalinyauka, na waheshimiwa walilowa jasho mpaka viatuni, lakini hakuna aliyelitaja.

Sekela alimwinamia jirani yake. "Jamani, chanjo itaharibika na jua hili."

"Jua lipi?" aliuliza jirani, jasho likimdondoka kidevuni.

Sekela akanyanyuka kwenda kwenye meza, akarudishwa kwenye kiti chake kwa heshima zote. Nguruwe wa Waziri walichanjwa hotuba zilipokwisha, kwa dawa iliyokuwa na joto la chai. Hawakuhisi chochote, na mikia yao, iliyotoka saluni asubuhi ile, ilibaki imejikunja vizuri sana.

Mlimani kwa Bi Chachu hapakuwa na sherehe, kwa sababu hakuna mheshimiwa aliyekuwa tayari kupanda kilima kile. Mchanjaji alifika peke yake na sanduku la barafu lililofungwa, akachanja kivulini, akanywa uji, akaenda zake.

Siku iliyofuata Shangazi hakuamka kumkemea mtu. Alilala ubavu, masikio ya moto, mkia umenyooka kama uzi. Wenzake karibu wote walikuwa hivyohivyo. Sekela alipofika aliona mlangoni rundo la vitunguu na Bi Chachu amekaa katikati yake na kisu.

"Nimesikia wakaguzi wanaanzia huku kesho," alisema Bi Chachu, akishika kitunguu. "Watanichomea wote. Nitabaki na vyungu vya rafuni tu, sina cha kutia motoni." Machozi yalimtoka kwa wingi, na kitunguu alichokishika kilikuwa bado kina ganda.

Sekela alichukua damu, akaomba radhi kwa kila mmoja, akafungua kisanduku palepale jikoni. Mashine ile huchukua muda wa kuchemsha maharage, na walichemsha maharage kweli ili wasikae wakitazamana. Majibu yalipotoka, Sekela aliyasoma, akayasoma tena, kisha akaanza kucheka mwenyewe kwa furaha.

"Mama, jiko limewaka! Tazama hapa, hizi ndizo jeni zinazotangulia mwili ukipata habari ya adui. Kabla ya chanjo zilikuwa zimelala. Sasa zimepanda zote. Shangazi ndiye anayeongoza."

"Siku zote anaongoza," alisema Bi Chachu, akijipangusa uso.

Alikuwepo dume mmoja kijana ambaye vyungu vyake vilikuwa baridi kabisa, naye mkia aliunyoosha bila sababu yoyote, kwa uvivu tu. Sekela alimweka pembeni achanjwe upya. Jioni alipopima damu ya kundi la Waziri aliona alichokiogopa. Nguruwe wale wenye mapazia walikuwa na damu ileile ya kabla ya sherehe. Hakuna hata chungu kimoja kilichoguswa. Homa ingebisha hodi, ingekuta jiko limefungwa.

Wakaguzi walifanya kazi yao kwa tabasamu. Nguruwe wa Waziri walivishwa utepe. Nguruwe wa Bi Chachu walipakwa chokaa mgongoni, alama ya kuchinjwa, na Bi Chachu akaambiwa ashukuru. Alishukuru. Kisha akaingia ndani, akajifunga mtandio mpya na kumfuata Sekela barazani. Sheria ilimruhusu mgeni kulihutubia Baraza mara moja kabla hajaondoka. Mtu aliyewaona kwa mbali wakishuka kilima kile angedhani wanakwenda harusini.

Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Ridhaa, alikuwa mzee mkubwa wa mwili ambaye hajawahi kuinua sauti katika maisha yake, na kwa hilo walimchagua. Siku hiyo alikaa wima zaidi ya kawaida, macho yamemwiva, akipumua kwa mdomo. Majira ya mafua yalikuwa yamefika, kama yanavyofika kila nchi, isipokuwa Shwarini hayakutajwa. Mbana-Pua alikuwa akikimbia kutoka kiti hadi kiti.

Sekela alisimama. Kule mlimani alikuwa amesema kwa maneno ya jikoni na ameeleweka, lakini alipowaona waheshimiwa na makoti yao akaona jiko ni dogo mno kwa ukumbi ule. Akatafuta maneno makubwa. Laiti angejua.

"Waheshimiwa," alianza, "msitazame mikia, tazameni damu. Ndani ya nguruwe wa Bi Chachu jeshi limeamka! Kengele zimepigwa, silaha zimeshikwa, askari wako tayari kwa vita!"

Viti vilirudi nyuma vyote kwa pamoja. Bwana Taratibu alinyanyuka polepole, uso umemng'aa.

"Jeshi," alisema. "Mgeni wetu amesema jeshi. Tumuulize: nani aliliamuru liamke?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Mwili wenyewe..."

"Wenyewe! Bila amri. Na nguruwe wangu je, nao wana jeshi lililoamka?"

"Hapana, wako hawana hata askari mmoja, na hiyo ndiyo hatari ninayo..."

"Waheshimiwa mmesikia. Watiifu mpaka kwenye damu." Waziri akainama kidogo, na Baraza likampigia makofi ya Shwarini, ambayo ni ya vidole viwili viwili ili yasimshtue mtu. "Tulikuwa tunawahukumu nguruwe wale kwa kosa la mkia. Kumbe kosa lao ni kubwa zaidi. Wanaandaa kinga bila kibali. Naomba Baraza lipitishe kwamba damu yoyote itakayokutwa inajiandaa bila ruhusa, mwenye damu hiyo achinjwe. Na tumshukuru mgeni kwa kuthibitisha."

Ikapita. Mikono yote iliinuka bila kelele. Sekela alibaki amesimama akijisikia kama mtu aliyekuja kuzima moto akamwaga mafuta ya taa. Alitaka kulia, na hakuwa na kitunguu.

Ndipo Bi Chachu alipoinua mkono. "Naomba kuuliza."

Ukumbi ulitazamana. Raia kuliuliza Baraza swali hakukuwa kumekatazwa Shwarini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujaribu. Mzee Ridhaa alimwashiria aendelee.

"Shikamooni waheshimiwa. Mimi mtu wa mabandani, mnisamehe. Sheria hii ya damu mliyoipitisha sasa hivi, ni ya nguruwe peke yao au ni ya wote?"

"Sheria zetu," alisema Mzee Ridhaa kwa sauti iliyokwaruza, "ni moja kwa mwenye miguu miwili na mwenye minne."

"Ahsante, baba. Basi naona tupimwe wote. Nguruwe wangu wamepimwa, tumejua. Mimi niko tayari, huu hapa mkono. Lakini si adabu mimi kuwatangulia wakubwa."

Mheshimiwa mmoja aliuficha mkono wake chini ya meza. Bwana Taratibu, ambaye hakuwahi kukosa nafasi ya kumsifu aliye juu yake, aliiona nafasi nyingine.

"Wazo zuri sana," alisema. "Nani asiyejua kwamba Mwenyekiti wetu ndiye mtu mtulivu kuliko wote waliowahi kuzaliwa? Apimwe yeye. Damu yake itundikwe ukutani iwe mfano kwa vizazi."

Mzee Ridhaa alimgeukia Waziri wake. Akataka kusema neno, lakini katika maisha yake hakuwahi kukataa sifa, maana kukataa sifa ni kulalamika. Akakunja mkono wa koti.

Sekela alikuwa na vipimo vya watu pia kwenye kisanduku, kwa kuwa kwao Tukuyu wafugaji humfuata wakimwomba awapime na wao, maadamu yuko. Alimwomba mzee radhi, akachoma, akachukua damu. Kisha wote wakangoja muda wa kuchemsha maharage. Watu wa Shwarini hungoja vizuri sana. Hakuna aliyejikuna. Mwenyekiti tu ndiye aliyekuwa akipangusa macho mara kwa mara, na msaidizi wake akanong'ona kwamba ni mwanga wa dirishani.

Majibu yalitoka. Sekela aliyatazama. Akimwambia mzee ukweli, kwa sheria iliyopitishwa muda mfupi uliopita, anamhukumu kuchinjwa. Akiuficha, Shangazi na ukoo wake wanachomwa moto kabla ya magharibi. Aligeuka kumtazama Bi Chachu. Bi Chachu aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwambia mwenzake onja, chumvi imekolea.

"Mzee," alisema Sekela, na safari hii aliliacha jeshi kambini, "jiko lako linawaka lote. Hakuna chungu cha kinga kilichobaki rafuni. Wewe ni mgonjwa, na mwili wako unapika dawa yake mwenyewe, unapika kwa bidii kweli. Nguruwe wa mama huyu nao wanafanya hivyohivyo. Hawana kosa, na wewe huna."

Kwenye viti vya nyuma mheshimiwa mmoja aliuliza kwa adabu kama sheria mpya inataka mtu achinjwe siku ileile au kuna muda wa kujiandaa.

"Haiwezekani," alisema Bwana Taratibu, na kwa mara ya kwanza tabasamu lake lilikuwa limeinama upande mmoja. "Kisanduku kimekosea. Mwenyekiti yuko shwari. Mwenyekiti, tafadhali tuambie kwamba uko shwari."

Mzee Ridhaa alifungua mdomo kusema hivyo. Lakini uso ulianza kumkunjamana wenyewe, pua ikapanda, macho yakafumba. Wote wakageuka kumtafuta Mbana-Pua. Afisa huyo alikuwa amesimama palepale nyuma ya kiti cha Mwenyekiti, glavu nyeupe mkononi, lakini mikono yote miwili alikuwa ameishughulisha na pua yake mwenyewe, machozi yakimtiririka. Mafua hayaogopi cheo.

Chafya ya Mzee Ridhaa ilikuwa ya miaka mingi. Ilizirusha karatasi za mezani, ikaangusha kofia ya msaidizi wake, na huko nje mbwa wakabweka.

Waziri alikuwa wa kwanza kujikusanya. "Huo ulikuwa upepo," alisema haraka. "Napendekeza Baraza lipitishe kwamba ulikuwa upepo. Wanaokubali?"

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, kisha mingi. Mbana-Pua naye aliinua wake, akapiga chafya, akaushusha.

"Shusheni mikono," alisema Mzee Ridhaa. Alikuwa akitafuta kitambaa mfukoni. "Upepo hauna makamasi."

Kuna mtu alicheka. Hakujulikana ni nani, maana aliyekuwa karibu naye alicheka vilevile, kisha wa pili yake, na katikati ya kicheko hicho chafya zikafumuka kila upande wa ukumbi kama bisi kwenye sufuria. Waheshimiwa waliopigana na pua zao tangu asubuhi waliziachia, wakikumbatiana wasianguke. Sekela alicheka mpaka akakishika kisanduku asidondoke nacho. Bwana Taratibu peke yake alibaki wima, akimsihi kila aliyepiga chafya akubali kwamba ni upepo, mpaka naye ukampitia.

Walipotulia, Mzee Ridhaa alisimama akijishikiza kwenye meza.

"Naumwa," alisema. Alilisema neno hilo kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Kichwa kinanigonga, mgongo unaniuma, na tangu juzi sijalala. Kama damu inayopika ni kosa, nichinjeni mimi kwanza. Kama si kosa, basi nguruwe wa mama huyu waachwe, wapanguswe chokaa. Wa Waziri wachanjwe upya, chanjo itoke kwenye barafu iende mwilini, kivulini, bila hotuba. Na huko mabandani mtu akiona jua ni kali, aseme jua ni kali. Mmekubali?"

Walikubali, wengine kwa mikono, wengine kwa chafya.

"Vizuri," alisema mzee. "Na mimi naomba mniache nikalale."

Hakuna aliyejua la kufanya. Ni mwenyekiti wao, ni mgonjwa wa kwanza wa nchi, na hapakuwa na utaratibu. Walisimama wakimtazama akitetemeka. Bi Chachu ndiye aliyevuka ukumbi. Alivua mtandio wake mpya, akamfunika mzee mabegani, akauvuta vizuri shingoni kama anavyofunikwa mtoto.

"Pole, baba," alisema.

Neno hilo lilikuwa halijasikika Shwarini kwa vizazi. Halikuwahi kupigwa marufuku. Lilikwisha lenyewe, kwa kukosa mgonjwa wa kuambiwa. Bi Chachu alilirithi kwa bibi yake, na kwa miaka yote alikuwa akiwaambia nguruwe tu. Vijana walinong'onezana kuulizana maana yake. Mheshimiwa mmoja mkongwe, aliyelikumbuka kwa mbali, alijifunika uso kwa mikono.

Mzee Ridhaa alisimama na mtandio mabegani, akilitafuta jibu. Hakufundishwa. Midomo ilimcheza, na macho yakalowa, wala safari hii hapana aliyelisingizia dirisha.

"Asante," alisema mwishoni. "Naona nilikuwa naingoja hiyo tangu nilipokuwa mdogo."